Marejeo ni Ngamani: Vichekesho vya Safari ya Meli na Funzo Lake



Wapo waamini wanaodhani kwamba utakatifu na kicheko havikai nyumba moja. Kwao Mkristo mwema ni yule mwenye uso uliokunjamana, na padre anayecheka hadharani amekwisha kupungukiwa na kitu fulani cha daraja lake. Wapo pia wanaoona kwamba mapumziko ni anasa ya matajiri, na kwamba mtu wa Mungu akienda mahali pasipo na mkutano wala semina, basi amepotea njia. Sisi katika tafakari ya juma hili tunashika maoni tofauti. Mwenyezi Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na aliyemwumba mwanadamu ndiye aliyemwekea kicheko kinywani. Swali letu basi ni hili: tunamcheka nani, na tunacheka tukiwa tumesimama wapi? Maana kipo kicheko kinachomsukuma mwenzako shimoni, na kipo kingine kinachotuketisha sote juu ya jamvi moja.

Tumeliona jambo hili waziwazi katika safari ya melini huko Ulaya, ambayo baadhi yenu mmekuwa mkituomba tuisimulie. Tulikuwa mahujaji kumi na tisa kutoka parokia za Kanda ya Ziwa, tukialikwa na parokia rafiki ya Italia, kwa nia ya kufuata baadhi ya mapito ya Mtume Paulo: Malta, Athene, Korintho na hatimaye Roma. Wenyeji wetu walipiga hesabu wakaona kwamba, nje ya msimu wa joto, kabini za ndani zisizo na madirisha katika meli ya kitalii zinagharimu kidogo kuliko hoteli na nauli za kuunganisha vituo hivyo vyote. Meli ya namna hiyo husafiri usiku na kutia nanga asubuhi, nawe unalala kitanda kilekile kila siku. Hivyo ndivyo wakulima, walimu wastaafu, katekista mmoja na akina mama wa WAWATA walivyojikuta katika jengo linaloelea, lenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote walilowahi kulala.

Kichekesho cha kwanza kilitokea kabla hatujaondoka bandari ya Civitavecchia. Sheria ya kimataifa inataka abiria wote wafanye zoezi la usalama kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Honi hulia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, nao abiria hukusanyika mahali walipopangiwa ili waonyeshwe namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Abiria wengi walikuja na vinywaji mkononi, wakipiga picha na kutaniana. Wa kwetu walisimama kimya kama watu walio kwenye Ijumaa Kuu. Mama mmoja kutoka Ukerewe alipokwisha kulivaa jaketi lake, hakulivua. Alikwenda nalo kabini, akaja nalo ukumbi wa chakula, akaketi nalo mezani. Mhudumu wa meza alimtazama kidogo, kisha kwa heshima zote akamtandikia kitambaa cha kulia juu ya jaketi lile la rangi ya chungwa, akamletea mchuzi. Mezani kwa jirani watu walicheka mpaka machozi. Sisi pia tulicheka, kwa maana hata yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Hata hivyo hakulivua.

Ndugu wapendwa, mnajua kwa nini hakulivua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, ikachukua mamia ya ndugu zetu, na wengi wao wamelala pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka jirani kabisa na gati la Ukara, katika wilaya ileile ya mama huyu. Watu wa ziwa hawahitaji kuelezwa jaketi lile ni la nini. Waliokuwa wakicheka meza ya pili hawakuwa watu wabaya, hawakujua tu. Ndipo tunapoona mpaka wa kwanza wa kicheko: ukimcheka mtu kabla hujajua alikotoka, huenda unaucheka msiba wake.

Vichekesho vingine havikuwa na kivuli chochote. Kabini ya ndani haina mchana wala usiku. Ukizima taa, giza lake ni lile la tumbo la samaki wa nabii Yona. Mzee mmoja wetu, aliyezoea kuamshwa na jogoo, aliamka saa tisa usiku akidhani kumekucha. Alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda kutafuta chai. Alichokikuta ni ukumbi wenye vijana wengi wakirukaruka katika taa za rangi. Aliwaamkia, nao wakamkaribisha kwa shangwe. Alirudi asubuhi akatueleza kwa mshangao kwamba Wazungu husingiziwa tu kuwa wameacha sala, kwani yeye amewakuta katika kesha zito kweli kweli, ila maneno ya nyimbo zao hayasikiki vizuri.

Katekista naye alipata mtihani wake. Ni desturi katika meli hizi kwamba mhudumu wa kabini, akiisha kutandika kitanda jioni, hukunja taulo kwa umbo la mnyama ili kumfurahisha mgeni. Siku ya pili mhudumu alitengeneza nyani, akamning'iniza kwa mikono kwenye kiango cha nguo. Katekista alifungua mlango gizani, akaona kiumbe cheupe kinaning'inia na kuyumbayumba pamoja na meli. Mtu aliyefundisha miaka thelathini juu ya hatari za ushirikina hakimbii ovyo; alirudi nyuma hatua mbili, akasali Rozari nzima pale kwenye ujia, kisha akaingia na kumvika nyani yule rozari shingoni. Kesho yake mhudumu alipokuja kusafisha aliiona rozari ile, akasimama. Alikuwa Mkatoliki wa kisiwa cha Flores huko Indonesia, ambako wakazi walio wengi ni Wakatoliki. Akauliza kwa sauti ya chini kama katika kundi hili kuna padre, na kama padre huyo angeweza kuwaadhimishia wafanyakazi Misa Takatifu. Ombi hilo tutalirudia hivi punde, kwa kuwa ndilo moyo wa tafakari yetu.

Kabla ya hapo ilikuja siku ya Santorini. Kisiwa hiki cha Ugiriki ni ukingo wa volkano ya kale uliozungukwa na bahari. Meli kubwa hutia nanga ndani ya ghuba, na abiria huvushwa kwa mashua hadi gati dogo chini ya jabali. Kupanda mjini kuna njia tatu: gari la kamba, mgongo wa punda, au ngazi zinazokaribia 600. Kiongozi wetu alikuwa binti Mwitalia aliyewahi kujitolea miezi miwili Iringa, naye alipenda sana kutumia Kiswahili chake. Alipotuaga juu ya jabali alitutangazia kwa furaha: "Mashua ya mwisho, saa tano!" Kwa Mwitalia, tano ni tano, alimaanisha saa kumi na moja jioni. Mahujaji sita waliobaki pamoja walihesabu kama Waswahili wanavyohesabu, wakaona kwamba muda upo tele hadi saa tano usiku. Waliketi kwenye ukuta mweupe, wakala karanga walizotoka nazo Sengerema, wakamsifu Mungu kwa uumbaji wake.

Meli haisahau watu, kwa sababu kila abiria hupitisha kadi yake kwenye mashine anapotoka na anaporudi. Kadi sita zikaonekana hazijarudi. Ulitokea mtafaruku wa simu, na mfanyakazi mmoja wa meli alipandishwa jabalini kuwatafuta. Mzee mmoja mwenye goti bovu alishushwa kwa punda, akiwa amemkumbatia mnyama yule shingoni kana kwamba anaingia Yerusalemu siku ya Matawi, ila kwa hofu zaidi. Mashua ilikuwa bado inawangoja. Abiria wa meli hizi wana mazoea ya kujipanga ukingoni mwa sitaha kuwatazama waliochelewa, na ndivyo walivyofanya: walishangilia, wakapiga makofi, wakapiga na picha. Lakini baharia aliyeishika kamba ya mashua hakupiga makofi. Alimpa mzee mkono, akamkalisha mahali pakavu, akamwambia kwamba laiti wangechelewa zaidi, hati zao za kusafiria zingeachwa kwa wakala wa bandari na meli ingekwenda zake.

Tazameni sasa wale watu wawili. Mmoja yuko juu, ghorofa ya kumi, anacheka na kupiga picha. Mwingine yuko chini, amelowa maji ya chumvi, ananyoosha mkono. Jioni ile mezani baharia yule alikuja kutuuliza hali ya goti la mzee, tukamweleza habari ya saa tano zile mbili. Alicheka kuliko sisi sote, na mzee akacheka pamoja naye. Kichekesho ni kilekile. Aliye ghorofa ya kumi alicheka akiwa mbali, baharia alicheka baada ya kuwa ameokoa.

Wahenga wa pwani, waliozijua bahari na majahazi kuliko sisi wa bara, wametuachia methali isemayo: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake. Ngama ni kule chini kabisa, maji yanakokusanyikia, anakoinama mtu wa kuyakumba. Unaweza kutamba chombo kizima, lakini mwisho utarudi ngamani. Usiku wa nne wa safari tulirudi ngamani kwa miguu yetu. Mhudumu yule wa Flores alituongoza kupitia mlango ambao abiria hawaruhusiwi kuupita bila idhini, tukashuka ngazi za chuma hadi mahali pasipo mazulia wala picha ukutani, penye mabomba na mngurumo wa mitambo. Ilikuwa saa tano na nusu usiku, safari hii saa tano ya Kiswahili, kwa kuwa ndipo wengi wao walipomaliza zamu. Katika ukumbi wao wa chakula waliketi Wafilipino, Wahindi wa Goa na Kerala, Waindonesia, na kijana mmoja wa Mombasa aliyetuitikia "Milele amina" kabla hatujamaliza kusalimu. Wengine walikuwa bado wamevaa sare za jikoni. Mmoja alisinzia wakati wa mahubiri, na hatukumwamsha.

Ni vema mjue watu hao wanaishi vipi. Wengi wao hufanya mkataba wa miezi sita hadi tisa bila kurudi nyumbani. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unaruhusu kazi isiyozidi saa 14 katika siku moja na saa 72 katika juma, au badala yake unadai mapumziko ya saa 10 kwa siku. Na huo ndio ulinzi, si uonevu. Kijana wa Mombasa alitueleza kwamba mtoto wake amejifunza kutembea akiwa yeye Naples, na kwamba hatua zile aliziona kwenye simu. Kanisa halijawasahau: Utume wa Bahari ulianzia Glasgow mwaka 1920, na kila Jumapili ya pili ya Julai tunaalikwa kuwaombea mabaharia. Hata hivyo ni parokia ngapi za bara zinazoikumbuka Jumapili hiyo?

Basi ikafika asubuhi ya mwisho, na kichekesho ambacho mahujaji wetu hawatakisahau. Usiku wa kuamkia kushuka, abiria hutakiwa kuweka masanduku nje ya mlango ili yashushwe mapema gatini. Mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa nidhamu, alitii tangazo kwa ukamilifu. Alikunja kila nguo, akafunga sanduku, akaliweka ujiani, akalala. Alipoamka aligundua kwamba alichobakiwa nacho ni pajama yenye mistari ya buluu. Sanduku lilikuwa limekwisha teremka, suruali zote zikiwemo. Mwalimu alitangaza kwa utulivu kwamba angeshuka Italia akiwa amejifunga shuka, kama Warumi wa kale. Aliyemnusuru ni yuleyule mhudumu wa Flores, aliyeshuka ngamani mbio na kurudi na suruali yake mwenyewe. Mwalimu ni mrefu, kijana ni mfupi. Ilimfika katikati ya miundi. Hivyo ndivyo alivyoingia mji wa Mitume Petro na Paulo. Suruali ilirudishwa kwa posta, imefuliwa na kupigwa pasi, ikiwa na rozari mfukoni.

Ndugu wapendwa, kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, kinaeleza safari ya melini iliyoharibika kuliko zote hizi. Paulo alisafiri akiwa mfungwa. Alionya wasitoke Krete, hawakumsikiliza. Tufani ikawachukua siku 14, wakatupa shehena baharini, na mwisho watu 276 wakafika pwani ya Malta wakiogelea au wakishikilia mbao. Mtakatifu Luka hakusita kutuachia kichekesho hapo. Nyoka alipomng'ang'ania Paulo mkononi, wenyeji walisema huyu bila shaka ni mwuaji. Walipoona hadhuriki, mara wakasema ni mungu. Ni binadamu hao hao, ni dakika chache tu, na hukumu mbili zote za makosa! Lakini Luka hawacheki kwa dharau, kwa kuwa kabla ya kuhukumu lolote watu wale walikuwa wamekwisha kuwasha moto, maana kulikuwa na mvua na baridi. Makosa ya fikra zao yamefunikwa na wema wao. Hayati Papa Fransisko alipozuru Malta mwezi Aprili 2022 aliukumbusha ulimwengu ukarimu huo, akiwafikiria wahamiaji wanaovuka bahari ileile kwa mashua dhaifu, ambao hakuna anayewapigia makofi.

Wema wa namna hiyo haukuishia zama za Mitume. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya kitalii yenye watu zaidi ya 4,200 iligonga mwamba kando ya kisiwa kidogo cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Wamo waliokuwa wamepanda siku ileile, hawajafanya hata zoezi la usalama. Usiku ule wa baridi wenyeji walifungua nyumba zao, na kanisa la parokia likafunguliwa ili waliolowa wapate pa kujihifadhi. Hakuna aliyeuliza kwanza nani ni abiria wa ghorofa ya juu na nani ni mpishi. Bahari ilikuwa imewarudisha wote ngamani.

Maoni yetu basi ni haya. Pumzikeni mnapoweza, hata kama ni kwenda tu kuwasalimu ndugu kijijini, na chekeni bila woga. Safari njema hutupokonya kidogo kidogo vile tunavyojivunia: lugha, saa, njia ya kurudi chumbani, wakati mwingine hata suruali. Mtu aliyepungukiwa hivyo hugundua kwamba anaishi kwa mkono wa mtu mwingine, na mara nyingi mkono huo unatoka chini, mahali ambapo hakuwa ametazama. Asiyegundua hivyo amepoteza nauli yake.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya ili kulijua hilo. Kila nyumba ina ngama yake. Yupo binti wa kazi anayeamka kabla ya wote na kula baada ya wote. Yupo mlinzi wa usiku getini, kondakta wa daladala, mama anayefagia kanisa siku ya Jumamosi ili sisi tuje kung'ara Jumapili. Yupo pia mgeni anayeingia kanisani kwetu kwa mara ya kwanza, akasimama wakati wengine wamepiga magoti, akaketi kiti cha mzee wa parokia, akaimba ubeti usio wake. Nasi tunapeana jicho na kutabasamu. Tabasamu lile, wapendwa, ni makofi ya ghorofa ya kumi.

Tunapendekeza mambo mawili kwa Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. La kwanza, juma hili kila jumuiya imtafute mtu mmoja wa ngamani katika eneo lake, ajulikane kwa jina, aulizwe habari za watoto wake, na akipenda, acheke pamoja nasi. La pili, Jumapili ya pili ya Julai ijayo, katika sala ya waamini, tuwataje mabaharia na wavuvi wote, wa bahari na wa Ziwa letu, pamoja na waliolala majini.

Mwenyezi Mungu awajalie kicheko kisichomwumiza mtu, na mkono ulio tayari kunyooshwa kabla ya kicheko hicho. Tunawabariki nyote, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.